Nilichukua ile nene: miezi minane na laptopu ya gemu

Nilibakiwa na mbili za kuchagua, zote zina kadi ya picha ya NVIDIA RTX 4060, zote RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 16. Moja nyembamba, bodi ya alumini, hata kuishika tu raha. Nyingine nene, ya plastiki, chaja yake kama tofali. Ghali ilikuwa ile nyembamba. Nikachukua tofali.

Sababu ni wati, yaani umeme ambao kadi inaruhusiwa kutumia: ukibanwa, kasi inapungua. NVIDIA inaruhusu RTX 4060 ya laptopu iendeshwe kwa wati 35 hadi 115, mtengenezaji anajipangia, na stika inabaki ileile. Ile nyembamba, ukishuka mpaka kwenye maandishi madogo ya vipimo vyake, ilibanwa wati 60. Yangu inafika 115. Yaani ningeongeza hela ili nipunguziwe kasi! Nilisoma mara mbili nikidhani nimekosea.

RTX 4070, kadi ya ngazi ya juu yake, nayo niliitamani, sikatai. Lakini ya laptopu ina VRAM (kumbukumbu ya kadi yenyewe) ya GB 8, sawa na 4060. Hiyo ikijaa, gemu inaanza kukwamakwama hata kadi iwe na nguvu vipi. Tofauti ya bei ikanishinda.

Gemu za mashindano kwenye 1080p (ukubwa wa picha wa Full HD) zinavuka fremu, yaani picha, 144 kwa sekunde, na kioo changu ni Hz 144, yaani kinaonyesha hadi picha 144 kwa sekunde, kwa hiyo uwezo wa kioo haupotei. Zile nzito za hadithi napata kati ya 60 na 80, DLSS ikiwa imewashwa, ile mbinu ya NVIDIA ya kuchora picha ndogo kisha kuikuza ili fremu ziongezeke. Vivuli na mwangaza wa kiwango cha juu kabisa nilivijaribu jioni moja, nikavizima.

Kilichoniudhi ni RAM: ilikuja kijiti kimoja. Kila nikiingia sehemu yenye watu wengi, fremu zinaporomoka. Nikanunua cha pili, vikafanya kazi sambamba, na ule mporomoko ukaisha karibu wote. Hela ya kijiti hicho iweke kwenye hesabu kabla hujasema laptopu fulani ni rahisi. Mimi sikuiweka.

Kioo rangi zake zimepauka, ila sihariri picha. Feni zikichachamaa bila hedifoni husikii kitu. Na ukichomoa chaja, kasi inashuka hapohapo, betri nayo haimalizi saa moja ya gemu. Anayetembea na laptopu kila siku bora aifuate ile nyembamba na wati zake 60. Yangu haijatoka mezani tangu ije.