Nilivyowapeleka darasa la sita Kalenga na Lugalo: uzoefu wangu

Kwa walimu na wazazi wanaojiuliza kama safari ya makumbusho ya Mkwawa, chifu wa Wahehe, pale Kalenga, Iringa, ina faida: inayo, tena kubwa. Ila msiende kama nilivyoenda mimi.

Nafundisha shule ya msingi upande wa Mafinga. Watoto wangu wanazijua vita za nchi hii kama wanavyoijua jedwali ya kuzidisha: Lugalo, 1891, Majimaji, 1905 hadi 1907, Kagera, 1978 hadi 1979. Ukiwauliza vita ni nini, wanakutajia mwaka. Ndiyo maana nikawaomba wazazi mchango wa nauli na chakula, tukakodi kosta.

Gari tuliahidiwa saa kumi na mbili asubuhi. Lilifika saa tatu kasoro, konda anatafuna chapati kama hakuna lililotokea. Watoto 34 walikuwa wameshamaliza maandazi ya safari kabla ya safari. Mwenye gari simtaji, anajijua.

Kuchelewa huko kulinivuruga. Nilitaka tuanzie Lugalo, barabara ya Dar, kisha tupande Iringa mjini tushike njia ya Ruaha hadi Kalenga, mambo yafuatane yalivyotokea: tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe, wengi wao na mikuki, wanauvizia msafara wa kamanda wa Kijerumani, Emil von Zelewski, na kuusambaratisha, naye anauawa, Oktoba 1894 Wajerumani wanarudi na mizinga na kuiteka ngome ya Kalenga. Sasa tukalazimika kuanza na Kalenga, maana mwongozaji alikuwa anatusubiri.

Pale nikakosea mwenyewe: niliwaingiza wote kwa mpigo. Wa nyuma waliona visogo vya wenzao tu. Gawa kumi kumi, wengine wakae nje na mwalimu mwingine. Fuvu la Mkwawa limo ndani ya kioo, na mtoto anapolisogelea hana haja ya kuambiwa anyamaze. Yule ninayemtoa nje kila wiki kwa fujo alivua kofia yake akaishika kifuani.

Mwongozaji akaeleza: Mkwawa alijipiga risasi Julai 1898 kule Mlambalasi ili asikamatwe akiwa hai, kichwa kikakatwa, kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukataka kirudishwe, nacho kikarudi 1954. Mikono ikawa juu.

“Kwa nini walichukua kichwa tu?”

“Madam, hiyo ni miaka 56! Walikuwa wanakifanyia nini?”

Kisha binti mmoja, kwa sauti ya chini: “Walijuaje kwamba ndicho chenyewe?”

Hilo ndilo swali nililolipia nauli. Nikawaambia kama ninavyojua: Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda Bremen, Ujerumani, akakuta mafuvu mengi makumbusho, akachagua kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya ndugu za Mkwawa, na wapo wanahistoria wenye shaka mpaka leo. Mwalimu mwenzangu akanikanyaga mguu. Alihofu nauvunja ushujaa wa chifu mbele ya watoto. Nami nilimwambia baadaye, tukila viazi: ushujaa hauko kwenye kioo kile. Watoto walichokiona ni kwamba kuna watu walimfanya binadamu mwenzao kuwa kitu cha kuhesabiwa kabatini, kiasi kwamba hata kumtambua ikawa kazi. Hatukuelewana.

Lugalo tulifika jua limeshalala upande. Usiiruke, hata ukichelewa kama sisi. Mnara uliopo ni wa Wajerumani waliokufa pale.

“Sasa hawa si ndio walioshindwa? Mbona mnara ni wao?”

Nikajibu kwamba walioshindwa siku ile ndio waliokuja kutawala, na anayetawala ndiye anayejenga. Hawakuridhika. Kumi hivi wakaanza kuzunguka kwenye majani wakitafuta kaburi la Mhehe hata mmoja, wakapekua mpaka dereva akapiga honi.

Mlambalasi hatukufika. Jambo jingine: waandae watoto kabla ya kuliona fuvu. Mimi sikufanya hivyo, na mzazi mmoja alinipigia saa nne usiku, mwanaye kagoma kulala peke yake.

Jumatatu niliuliza nani nyumbani kwao kuna mtu aliyekwenda vita ya Kagera, ile tuliyopigana na Uganda ya Idi Amin. Walinyosha wanne. Nikawaomba wakaulize kama wazee wangekubali kuja darasani. Watatu hawajaleta jibu. Wa nne alikuja kesho yake mapema, kabla ya kengele, akasimama mlangoni na daftari lake.

“Shikamoo Madam. Babu amesema atakuja. Ila ya Masaka, kule Uganda, tusimwulize.”