Filta ya mawingu ya Zuhura: uinunue au uiache?

Haya, karibuni tena. Leo mezani nina filta ya urujuanimno (mwanga ulio ng'ambo ya zambarau, usioonekana kwa macho), ile inayouzwa kwa ajili ya kupiga picha mawingu ya Zuhura. Wengi huniuliza kama inastahili hela yake. Inategemea una darubini gani.

Tazameni kwanza picha ya kushoto. Hiyo ni Zuhura kwa mwanga wa kawaida: nyeupe tupu, haina hata doa. Ya kulia ni darubini ileile, jioni ileile, ila filta imefungwa. Mnaiona ile alama nyeusi, kama herufi Y iliyolala ubavu? Hayo ndiyo mawingu. Kuna kitu huko juu kinachofyonza urujuanimno, na wanasayansi bado wanabishana ni kitu gani.

Piga tena baada ya siku nne hivi, alama inarudi. Mawingu yanaizunguka sayari kwa siku nne, wakati sayari yenyewe huchukua siku 243 kujizungusha mara moja! Na aliyeligundua hilo la siku nne, mwaka 1957, alikuwa mtu wa ridhaa kama sisi: Charles Boyer, hakimu Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi Brazzaville. Wataalamu wengi walimtilia shaka, hadi chombo cha anga cha Mariner 10 kilipopita karibu na Zuhura mwaka 1974 na kulithibitisha.

Turudi kwenye bidhaa. Ukiinua filta hii kwenye taa huoni kitu. Usiirudishe dukani, ndivyo inavyotakiwa kuwa. Inapitisha mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 350, na jicho la binadamu haliuoni. Bila kamera, basi, umenunua pambo. Na kamera iwe ile ya nyeusi na nyeupe, kwa sababu sensa ya rangi inapoteza mwanga mwingi.

Mwanga ndio tatizo kubwa hapa. Unaobaki ni mdogo sana, na lenzi nyingi za kioo huufyonza zaidi, ikiwemo ile balo mnayoongezea ukuzaji. Kwa hiyo wenye darubini za vioo vya kuakisi, milimita 200 kwenda juu, nunueni. Wa darubini ndogo za lenzi, hapana, mtaishia kupata picha za giza zenye chengachenga.

Nyinyi chukueni filta ya zambarau, namba 47. Bei yake ni nafuu zaidi, na alama za mawingu inazionyesha, ingawa kwa kufifia. Ila inavujisha infraredi (mwanga usioonekana ulio ng'ambo ya wekundu), kwa hiyo lazima uiunganishe na filta ya kukata infraredi. Wauzaji wengi hawalisemi hilo.

Jambo moja nalisema kwa herufi kubwa: hakuna hata moja kati ya hizi iliyo filta ya jua. Zuhura haiendi mbali na jua, kwa hiyo subiri jua lizame kabisa ndipo uelekeze darubini.

Na kwa Mirihi? Usihangaike na urujuanimno. Filta ya buluu inatosha kuonyesha mawingu meupe juu ya volkano za Tharsis, eneo la nyanda za juu huko Mirihi, hasa huko kwao kukiwa alasiri.