Sanduku la majaribio ya kuelea na kuzama: vifaa vizuri, picha ya uongo

Nimelitumia sanduku hili muhula mzima na madarasa mawili, kwa hiyo siongei kwa kusoma maandishi ya kwenye boksi. Jina la mtengenezaji naliacha, maana masanduku ya aina hii hufanana. Ndani kuna kopo la kumwagika (lenye mdomo pembeni wa kutolea maji yanayohamishwa na kitu kinachozamishwa), mizani ya springi, vipande vitatu vya metali, mrija wa U wenye funeli iliyofungwa utando wa mpira, mkebe wa matundu matatu, dropa ya kioo, na kijitabu cha maelekezo. Hicho kijitabu nitakirudia.

Vile vipande vitatu peke yake vinatosha kunifanya nilisifu. Ni alumini, chuma na shaba, kila kimoja mchemraba wa sentimita 3, yaani sentimita za ujazo 27. Alumini ina gramu 73, shaba inapita 240. Kabla ya kuzamisha chochote niliuliza: kipi kitasukumwa juu zaidi na maji? Wengi walijibu alumini, "kwa sababu ni nyepesi." Kumbe vyote vitatu husukumwa sawasawa, nyutoni (kipimo cha nguvu) 0.26 hivi, kwa kuwa kila kimoja kinahamisha maji kiasi kilekile. Darasa lilinyamaza, kisha likaanza kubishana. Mwalimu hupenda kelele ya namna hiyo.

Ila kuiona hiyo 0.26 ilikuwa shughuli. Mizani waliyotuwekea inapima hadi nyutoni 10, na mstari mmoja ni nyutoni 0.2. Kila kundi lilisoma lake. Niliazima mizani ya nyutoni 2.5 yenye mistari ya 0.05, shaba ikaingia kwa kubana (ina uzito wa karibu nyutoni 2.4), na hapo ndipo majibu yakaanza kukubaliana. Sijui aliyepanga sanduku alifikiria nini.

Kopo la kumwagika nalo, tulipozamisha kipande, lilitoa maji sentimita za ujazo 22 badala ya 27. Maji hung'ang'ania mdomoni mwa kopo, hayataki kudondoka. Paka tone la sabuni ya maji pale mdomoni kabla ya kujaza. Sisi tulipata 26.

Mrija wa U hauna neno, mradi utando wa mpira ukazwe vizuri usivuje. Zamisha funeli kina kilekile, igeuze itazame chini, pembeni, juu: tofauti ya kimo cha maji ya rangi katika pande mbili za mrija haibadiliki. "Mwalimu, kwa hiyo maji yanasukuma hata kwenda juu?" Ndiyo, na bila hivyo hakuna kitu kingeelea. Upande wa chini wa kitu uko kwenye kina kikubwa zaidi, kanieneo yake (msukumo wa maji kwa kila kipimo cha eneo) inazidi ile ya upande wa juu, na tofauti hiyo ndiyo inayokinyanyua.

Sasa mkebe wa matundu matatu. Kijitabu kina picha ya mkebe uliokaa mezani, tundu la chini likirusha maji mbali kuliko yote, ati kuthibitisha kwamba kanieneo huongezeka kwa kina. Tulijaza maji hadi sentimita 30. Matundu yako sentimita 5, 15 na 25 kutoka chini. Maji ya tundu la kati ndiyo yaliyofika mbali zaidi, na ya juu na ya chini yakaangukia karibu mahali pamoja! Niliona aibu kidogo, maana picha hiyo nimeichora ubaoni miaka mingi. Maji ya chini hutoka kwa kasi kubwa kweli, lakini yana sentimita 5 tu za kuanguka; yanagusa meza kabla hayajasafiri. Tuliupandisha mkebe juu ya kigoda cha sentimita 50, maji yakiangukia beseni sakafuni, na mpangilio ukawa kama wa kwenye picha. Kosa la kijitabu lilinipa kipindi kizuri kuliko vyote vya muhula, lakini sifa hiyo simpi mtengenezaji.

Dropa ndani ya chupa ya plastiki iliyojaa maji na kufungwa ilifanya kazi mara ya kwanza: minya chupa, maji yanapanda ndani ya dropa, inazama, achia, inaibuka.

Nunua kwa ajili ya vipande vya metali na mrija wa U, na utafute mizani nyingine. Ile picha nimeipiga mstari mwekundu, na mwanafunzi mmoja ameandika chini yake: "Kigoda kiko wapi?"