Unahamia Mbeya? Uyole, Isyesye, Forest au Mbalizi, sikiliza hii kabla hujalipa kodi

Haya wadau, shikamooni wakubwa zangu, wadogo mambo vipi, leo nachambua mitaa ya Mbeya maana inbox imejaa watu wanauliza "nahamia huko nikae wapi", halafu ananitumia picha ya nyumba, vigae vinang'aa, geti jeusi, anataka nimwambie kama inafaa. Ndugu yangu, mimi picha haiwezi kunisaidia, niambie kwanza kazini kwako ni wapi.

Kwa sababu Mbeya imekaa kirefu, barabara kubwa ni moja tu ile ya TANZAM ya kwenda Zambia, unaanzia Uyole, unakuja Sae, Soweto, Mafiati, unaenda Nzovwe, Iyunga, Iwambi mpaka Mbalizi, na malori ya Tunduma na Zambia yanapita humo humo na sisi na bajaji zetu. Sasa mtu kazi yake iko chuo kikuu cha MUST kule Iyunga, dalali anampeleka Uyole kisa kodi nafuu, kila asubuhi anakatiza jiji zima, lori moja likizimika katikati ndio basi tena. Kaa upande ulioko mkate wako, hilo kwangu ndio la kwanza kabla hata ya bei. Najua mtasema barabara ya njia nne inajengwa, ni kweli, kilomita 29 kutoka Nsalaga mpaka Ifisi, na nafurahi sana, ila wewe kodi ya miezi sita unatoa leo.

Haya, tuanze na Uyole. Uyole pazuri kama unafanya biashara, pale ndio njia panda ya Tukuyu na Kyela, ndizi, mchele, viazi vyote vinakukuta mlangoni na soko liko hapo hapo. Ila baridi ya Juni na Julai pale si ya kitoto, na upepo juu, mwenye mtoto mchanga nunua mablanketi ya maana.

Isyesye na Itezi ndio watu wengi wanajenga sasa hivi, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kuna sehemu zimepimwa, mitaa imenyooka, naipenda kabisa. Lakini Itezi hiyo hiyo Aprili 2024 tope lilishuka kutoka mlima Kawetele likafukia nyumba za watu na shule. Kwa hiyo ukionyeshwa kiwanja usiangalie chini tu, inua kichwa uangalie huko juu kuna nini, miti ipo au imeshakatwa, maji ya mvua yakishuka yanapita wapi. Halafu nenda serikali ya mtaa, nenda ofisi ya ardhi ya jiji, uliza namba ya kiwanja, maneno ya dalali peke yake hapana.

Na mtaa wowote ule nenda kauone masika, Machi hivi, mvua imekolea. Asubuhi mapema simama pale njia ya vumbi inapokutana na lami. Ukiona watu wanafika na mabuti ya mvua wameshika viatu vya kazini kwenye mfuko, wanaoshea miguu kwenye dimbwi, wanabadilisha pale pale, ujue huko ndani bajaji haziingii, na wewe utakuwa mmoja wao. Muulize dereva bajaji, usimuulize dalali, mwambie "kaka mvua ikinyesha unanifikisha mpaka getini?" Akianza kukuna kichwa jibu umeshapata.

Forest na Uzunguni sina mengi, kumetulia, miti mikubwa, mjini karibu, hela yako tu.

Mbalizi sasa. Mbalizi iko Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya, sio jiji, iko chini kidogo kwa hiyo baridi yake inavumilika, uwanja wa ndege wa Songwe uko karibu, na chumba na sebule unapata kwa bei ya kibinadamu. Shida yangu ni ule mteremko wa Iwambi, malori yameshafeli breki pale, watu wameshapoteza maisha, na kila siku ukitoka Mbalizi kuja mjini lazima upite. Kama kazi iko Mbalizi au Songwe, hamia kesho. Kama iko Mwanjelwa kule mjini, mimi hata ndugu yangu simshauri.

Kitu kingine, ukienda kuona nyumba fungua bomba saa sita mchana, sio asubuhi, uone kama maji bado yanatoka, na kama unanunua karibu na barabara angalia kuta za majirani kama zina alama ya X ya kubomolewa.

Haya, andika kwenye komenti kazi yako iko wapi na bajeti yako, mtaa nitakutajia. Ndaga fijo, yaani asanteni sana.