Eti Windows ni kama Luku

Kuna fundi kompyuta mmoja hapa Moshi mjini, si mbali na stendi. Simtaji. Wanaomjua watamtambua kwa sentensi yake moja: "Mama, Windows ni kama Luku. Ikiisha unanunua nyingine."

Luku ndiyo ule umeme tunaolipia kabla ya kutumia. Aliniambia hivyo mbele ya watu wanne, huku anatafuna muhogo wa kuchoma, macho yako kwenye simu yake.

Ngoja nirudi nyuma. Nina steshenari. Kazi zangu ni CV, mitihani ya shule, kadi za michango, na Alhamisi mpaka Ijumaa usiku ni ratiba za mazishi, maana misiba mingi huku huzikwa Jumamosi. Laptopu yangu shemeji aliinunua mpya, na Windows 10 yake ndani. Watu walipoanza kutishana kwamba Windows 10 inafika mwisho, ile Oktoba 14, 2025, nikaona nisibaki nyuma, nikampelekea fundi huyo anipandishie kwenda 11. Akasema leseni ni elfu arobaini na tano. Nikalipa. Risiti sikupewa na sikuidai, hilo kosa ni langu.

Na nisimwonee: kazi ilikuwa nzuri. Alinitolea diski ya zamani akaweka SSD, ile diski ya kasi, na mashine ambayo nilikuwa naiwasha halafu naenda kufagia, sasa inawaka sijamaliza kuvuta kiti. Nilimsifia kila mahali. Nilimpelekea wateja! Hapo ndipo panaponiuma.

Ikapita kama nusu mwaka. Ijumaa moja jioni napanga ratiba ya mzee mmoja wa Kibosho, mjukuu wake amesimama nyuma yangu anakagua majina ya watoto. Tangu asubuhi ile picha yangu ya Kibo ilikuwa imetoweka kwenye skrini, pamebaki weusi mtupu, nikadhani ni mambo ya umeme kukatikakatika. Mara naona pembeni chini kulia maandishi ya kijivu, "Activate Windows", yaani Windows haijathibitishwa, yamekaa juu ya ukurasa, palepale penye jina la padri. Binti akanyoosha kidole. "Dada, na haya yatatoka kwenye karatasi?"

Hayatoki, yanaishia kwenye skrini. Lakini mweleze hivyo mtu mwenye msiba. Nikatoa nakala moja nimwonyeshe. Akaiinua kwenye taa, akaigeuza, akaikagua kama noti ya elfu kumi aliyoitilia shaka.

Jumatatu nikawa wa kwanza pale kwa fundi, au nilidhani ni wa kwanza, kumbe kuna watu tayari. Nikamuuliza, si nilikulipa ya leseni? Akasema nililipa ya kipindi kile. Kipindi kipi? Ndipo ikatoka hiyo ya Luku. Jamaa aliyekuja kubadilishiwa kioo cha simu alicheka mpaka akapaliwa. Na mimi, kwa kuwa nina mitihani ya shule inanisubiri, nikatoa elfu kumi na tano. Dakika mbili hazikuisha, maandishi yakaondoka. Mbaya zaidi, nilimwamini. Siku kadhaa nilikuwa namwambia jirani yangu wa saluni kwamba siku hizi kompyuta nazo zina Luku.

Mpaka alipokuja mtoto wa kaka yangu, anasoma chuo. Akabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, akaandika slmgr /xpr, kikatokea kisanduku chenye tarehe ya kuisha, nusu mwaka mbele. Akaniangalia. "Shangazi, hii ni leseni ya mashirika." Akanieleza: ofisi yenye kompyuta nyingi huwa na seva yake, yaani kompyuta kuu, kila kompyuta inaipigia hodi na kupewa siku 180, halafu lazima ipige hodi tena kabla hazijaisha. Sasa mimi na steshenari yangu ya mlango mmoja, seva yangu iko wapi? Hakuna. Fundi aliweka programu inayojifanya seva. Nilinunua uongo wa siku 180, nikaulipia mara mbili.

Bado hajamaliza. Akaandika amri nyingine, ikatoka mistari ya herufi na namba, jumla 25. Ule ulikuwa ufunguo wangu mwenyewe wa kuthibitisha Windows, umekaa kwenye ubao mama tangu kiwandani! Ni wa toleo la Home. Fundi aliniwekea Pro bila kuniuliza, na ufunguo wa Home haufungui Pro. Halafu kumbe kutoka 10 halali kwenda 11, kama mashine ina sifa, Microsoft hawadai hata senti.

Tukahamishia mafaili kwenye flashi, bando langu likaishia kwenye kupakua, akafuta kila kitu akaweka Home. Ilipoingia intaneti tu ikajithibitisha yenyewe. Hakuna aliyeandika ufunguo, hakuna aliyeniomba hela. Picha ya Kibo nikairudisha mwenyewe.

Nikarudi kwa fundi. Safari hii nilisubiri wateja wajae kwanza. Nikamweleza yote, sauti ya juu. Akajibu: "Sasa mama, si umepata bure? Unagomba nini?" Akatoa elfu kumi na tano mfukoni, akanirudishia. Ile arobaini na tano anasema ilikuwa ya ufundi.

Na nikiwa mkweli, angesema tangu mwanzo kwamba ni ya ufundi ningelipa bila kinyongo, kwa ile SSD anastahili. Pengine nimekuwa mkali kupita kiasi. Ila nikiikumbuka Luku napandwa upya. Luku nina mita ukutani, uniti zinashuka naziona. Yeye aliniuzia uniti bila mita, akanicheka juu yake!

Juzi bawaba ya kioo cha laptopu imeachia, na kwa bawaba hana mpinzani, kwa hiyo iko kwake. Nimemwambia afunge skrubu tu. Akiiwasha tutaonana.