Madeni na mauzo ya duka: kauntabuku au Excel ya simu?

Kwa gharama, kauntabuku inashinda siku ya kwanza: nunua, chukua kalamu, basi. Excel ya simu, programu ya majedwali, ni bure kwa kazi za kawaida, ila inadai chaji na uvumilivu wa kujifunza.

Kudumu? Daftari halijali umeme kukatika. Langu lilimwagikiwa chai ukurasa wa madeni, wino ukatambaa, wadaiwa wawili wakapona. Lakini simu ikiibwa bila nakala mtandaoni, madeni yote yameenda.

Tofauti kubwa inakuja unapouliza: sukari hutoka zaidi siku gani? Mistari ya mauzo ni data tu, yaani kumbukumbu ghafi. Jibu la swali hilo ndilo taarifa. Kwenye daftari utafunua kurasa huku kikokotoo mkononi. Excel huchuja kwa sekunde, mradi uliandika "sukari" vilevile kila siku. Ukichanganya na "skr", itahesabu bidhaa mbili, na haitakuambia.

Genge la bidhaa ishirini, unauza mwenyewe: daftari linatosha. Una msaidizi, au matawi mawili: nenda Excel. Mie madeni bado naandika kwa kalamu. Mteja huamini anachokiona kikiandikwa.