Utvandrarna na Nybyggarna: jipange, zote mbili zinachukua muda wa saa sita na nusu

Nianze na onyo: kama huwezi kutazama filamu bila kuipeleka mbele mbele, hizi mbili za mwongozaji Jan Troell zitakushinda. Ya kwanza (1971) ni dakika 191, ya pili (1972) ni 202, na mwanzoni unawatazama tu wakulima wa Småland, Uswidi, waking'oa mawe shambani. Mawe juu ya mawe. Ukivumilia hapo, utamwelewa Karl Oskar (Max von Sydow) anapoamua kuuza shamba na kupanda meli kwenda Marekani.

Mkewe Kristina (Liv Ullmann) hataki. Kinachomgeuza ni kifo cha binti yao mkubwa, aliyeshikwa na njaa akabugia uji wa shayiri mpaka tumbo likamvimba. Uso wa Ullmann hapo, jamani! Si ajabu aliteuliwa kuwania Oscar.

Melini ndipo niliponaswa kabisa. Kristina anaamka amejaa chawa, anamrukia Ulrika, mwanamke aliyewahi kujiuza, kwamba ndiye aliyewaleta. Ulrika anavua nguo mbele ya watu wakague. Hana hata mmoja! Anayemwigiza ni Monica Zetterlund, mwimbaji wa jazi, na kwangu anawapiku wengi.

Filamu ya pili iko Minnesota, Marekani, na ni chungu zaidi. Dhoruba ya theluji inamkuta Karl Oskar njiani na mwanawe mdogo. Anachinja maksai wake, anampasua, anamtumbukiza mtoto ndani ya tumbo lenye joto. Nilisahau chai yangu mezani. Sehemu ya Robert, mdogo wake Karl Oskar, kutafuta dhahabu ya California, kwa upande mwingine, inazunguka mno.

Lililonikwaza ni Wadakota, wenyeji wa asili wa Minnesota. Troell hafichi kwamba ardhi ilikuwa yao, anaonyesha vita vyao na Marekani vya 1862 na wale 38 kati yao walionyongwa mjini Mankato, lakini wenyewe hawapewi nafasi ya kusema. Tunawaona kwa macho ya walowezi tu, kwa mbali, kisha kwa hofu.

Nilitazama kwa Kiswidi, maandishi ya Kiingereza chini. Fanyeni hivyo hivyo, na kabla ya kulipia angalieni urefu: ya kwanza iliwahi kukatwa kwa ajili ya kumbi za Marekani. Ikiwa pungufu sana ya saa tatu, iacheni.